Ndala za Fundi Dismasi

Friza lilimpiga Leonida asubuhi, kabla hata hajatia chai mdomoni. Alikuwa amemaliza kupiga deki, sakafu bado mbichi, akanyoosha mkono afungue mlango wa friza awatolee wateja barafu zao, na kile kitu kikamng'ata kuanzia kidoleni mpaka begani, kikamsukuma nyuma akagonga kiwiko kwenye fremu ya mlango. Ndoo ikapinduka. Akabaki amesimama katikati ya maji, mkono una ganzi, machozi yanamlengalenga. Machozi yenyewe yalikuwa ya hasira, maana alijua kitakachofuata. Atasema, na hataaminiwa.

"Baba Elida! Nimepigwa tena!"

Dismasi alitoka chumbani akiburuza ndala zake. Ndala nene za mpira, nyeusi, ambazo siku hizi hazikumtoka miguuni. Alizivua akipanda kitandani na kuzivaa kabla hajafungua macho vizuri. Akaliendea friza, akaweka kiganja kizima juu yake, akakiacha hapo, akamtazama mkewe kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeshindwa moja jumlisha moja.

"Mbona mimi halinipigi?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, jana, juzi na siku zote. Halinipigi. Kana kwamba mwili wa Dismasi ndio kipimo cha dunia nzima, na kisichomuuma yeye hakijaumbwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini wahenga hawakuishi na mwanamume ambaye unamwonyesha alama za kunguni naye anakujibu kwamba ngozi yako ndiyo mbaya.

"Mikono yako ina maji," Dismasi akaendelea. "Tena unatembea peku. Umeme hauchezewi, Mama Elida. Halafu nyinyi wanawake mnauogopa sana. Ukiuogopa, unakuzoea."

"Umeme ni mbwa, useme nikiuogopa utanifukuza?"

"Mimi ni fundi," akasema Dismasi, na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha.

Na ni kweli alikuwa fundi, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Kuanzia Kibirizi mpaka Katonga, mvuvi wa dagaa ambaye taa zake zimegoma alimtafuta Dismasi. Enzi za baba yake watu waliingia ziwani na karabai. Sasa mitumbwi ina betri na taa nyeupe kali, na taa hizo zote mafundi wake walikuwa kina Dismasi. Alimenya waya kwa meno. Aliunganisha akiwa ndani ya maji mpaka magotini, mikono mitupu, huku anapiga stori, na hakuna siku betri ya mtumbwi ilimpiga yeye wala mtu mwingine, kwa sababu betri ya mtumbwi haina nguvu ya kumpiga mtu. Lakini Dismasi hakuliweka hilo kwenye hesabu ya betri. Aliliweka kwenye hesabu ya ufundi wake.

Mafundi wa mitumbwini wana majina mawili tu ya waya, moto na ethi. Waya mwekundu ni moto, unatoka kwenye betri kwenda kwenye taa. Waya mweusi ni ethi, unarudi kutoka kwenye taa kwenda kwenye betri. Ukikata ethi, taa inazimika, ukiirudisha, inawaka. Biashara imekwisha, mnasukuma mtumbwi mnaenda kuvua.

Sasa friza lilipoingia kwenye nyumba yao pale Ujiji, sebule haikuwa na soketi. Fundi wa kwanza, yule aliyefunga umeme nyumba nzima kabla ya mita kuletwa, aliweka soketi moja tu, chumbani. Leonida alisema aitwe yule yule aongeze nyingine. Dismasi akacheka. Fundi aite fundi? Watu wa Kibirizi wakisikia? Akapanda juu ya stuli, akavuta waya wa moto kutoka kwenye taa ya sebuleni, akautelemsha ukutani mpaka kwenye kona. Waya wa kurudi ukawa haufiki. Akatoka nje kufikiri, akazunguka nyuma ya nyumba, na hapo ukutani akaliona jibu limechomoza ardhini lenyewe: nondo ya shaba iliyokitwa udongoni, imefungwa waya wa kijani, ambayo yule fundi wa kwanza aliiita ethi.

"Ethi si hii hapa?" Dismasi akasema peke yake, kwa furaha.

Akatoboa ukuta, akafunga hapo tundu mbili za soketi kwa pamoja, ya kurudi na ya ethi. Friza likanguruma. Ilikuwa msimu wa mvua, udongo wa Ujiji umelowa chepechepe, na friza likafanya kazi bila kinyongo. Waliosema kinyozi hajinyoi hawakumjua Dismasi. Yeye alijinyoa, tena bila kioo, akatoka barabarani anajipapasa kichwa.

Mvua ilipokata ndipo mambo yalipoanza. Kwanza ikawa kama sisimizi anatembea kwenye vidole. Halafu sisimizi akawa siafu. Nyasi nyuma ya nyumba zikakauka, ardhi ikapasuka, na siafu akawa huyu mnyama wa sasa anayerusha mtu mpaka mlangoni. Leonida alilifungua friza hilo asubuhi, mchana na jioni, kwa wateja wa barafu, kwa maji ya baridi, kwa migebuka, samaki wa tajiri mmoja wa mtumbwi. Dismasi alilifungua mara moja moja, akitaka maji ya kunywa, akiwa na ndala zake.

Angekuwa anapigwa yeye peke yake, labda Leonida angevumilia, maana wanawake wa ukoo wao walivumilia makubwa kuliko hayo na wakafa wakisifiwa. Lakini kulikuwa na Elida. Elida alishatambaa vya kutosha, sasa alitaka kusimama. Alishika mguu wa stuli akajivuta. Alishika mdomo wa ndoo, akashika kitenge cha mama yake. Kila kilichosimama ndani ya nyumba ile Elida alikiona kimewekwa kwa ajili yake, na ndani ya nyumba ile hakikuwepo kilichosimama vizuri na kung'aa kama friza. Mikono ya mtoto huyo ilikuwa na mate saa zote. Miguu mitupu, magoti mabichi, juu ya sakafu iliyopigwa deki.

Leonida alifikiria hapo mara moja tu. Akavuta mabenchi mawili ya mbao akayapanga mbele ya friza yawe ukuta, na mtoto akambeba mgongoni hata wakati wa kusonga ugali. Alipochomoa plagi, Dismasi aliirudisha. "Samaki wa watu wakioza utawaambia nini? Kwamba uliogopa?"

Basi Leonida akaamua kuchunguza mwenyewe. Jambo la kwanza aliligundua kwa bahati. Alimwaga maji ya kuoshea vyombo nyuma ya nyumba, pale pale penye ile nondo, akarudi ndani akakuta friza linanguruma kwa nguvu kuliko kabla. Akaligusa kwa kucha, haraka. Likamtekenya tu. Jioni ardhi ilipokauka akaligusa tena, likamng'ata. Kesho yake akamwaga ndoo nzima kwa makusudi, likapoa. Akaacha kumwaga, likawa kali. Akawa anaimwagilia nondo ile asubuhi na jioni kama mche wa mchikichi, na majirani wakashangaa anaotesha nini kwenye ukuta.

Akapanda bajaji mpaka Mwanga, ile ya hapo hapo Kigoma mjini, kwenye duka la vifaa vya umeme la Aikande, mama mmoja wa Kipare aliyekuja Kigoma mumewe alipohamishiwa kazi. Akamweleza yote: nondo, maji, ndala, peku. Aikande alisikiliza huku anafunga balbu ya mteja mwingine, na katikati ya maelezo mikono yake ikaacha kufunga.

"Ngoja, mama. Kwenye hiyo soketi, waya wa kurudi umefungwa wapi?"

"Kwenye ethi. Ndivyo anavyosema. Ethi ni ethi."

"Yesu na Maria." Aikande akaweka balbu chini. "Ethi ya betri ni njia ya kurudia. Ethi ya nyumba si njia, ni mlango wa dharura! Unakaa umefungwa siku zote, umeme ukipotea ndiyo unatokea hapo kwenda ardhini, mtu asidhurike. Mumeo kaugeuza barabara kuu. Sasa ardhi imekauka, barabara imeziba, umeme umejaa kwenye bati la friza unatafuta pa kupita. Mtu mwenye miguu mitupu ndiye njia. Mwite fundi leo leo."

"Fundi ni mume wangu."

Aikande akafungua droo ya kaunta. "Pole," akasema, na ilikuwa pole ya kweli, ile inayotolewa msibani. Akamuuzia testa, bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Ikigusa penye umeme, kitaa kinawaka.

Leonida alirudi Ujiji na testa yake kwenye pochi, anajisikia mtu mwenye ushahidi. Dismasi alipoingia tu, akaigusisha kwenye bati la friza, kitaa kikawaka chekundu.

"Unaona?"

Dismasi akainama, akakitazama kile kitaa, na Leonida akaona kitu fulani kinapita usoni mwake, haraka, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha kikapotea.

"Testa za siku hizi za Kichina," akasema, "ukizielekeza hata kwenye mwezi zinawaka. Nani kakuuzia? Yule mama wa Mwanga? Anatafuta soko la waya zake, yule."

Usiku ule Leonida hakumsemesha. Angesema nini? Ukisema umeumia, unaambiwa unaogopa. Ukileta kipimo, kipimo ndicho kinadanganya. Alilala amemkumbatia mtoto, amemgeuzia mgongo baba wa mtoto, anatafuna maneno.

Kesho yake akakutana bombani na jirani yake, Mama Dunia. Mama Dunia ni mwanamke ambaye watu wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, mwenye moyo mwema na masikio mapana. Akakiona kile kiwiko, kimevimba, kimekuwa cha zambarau.

"Yesu wangu! Leonida! Nani alikufanya hivi?"

"Nimepigwa, Mama Dunia," akasema Leonida, na hasira yote ikamtoka kwa mpigo. "Kila siku napigwa. Napigwa asubuhi, napigwa jioni. Na nikisema, naambiwa kosa ni langu, natembea peku! Iko siku nitauawa na mtoto wangu mle ndani, na hakuna atakayejali."

Hapo ndoo ikajaa, mteja wa barafu akamwita kutoka barabarani, na Leonida akajitwisha akaondoka. Hakujua alichokiacha nyuma. Yeye alikuwa amesema kama watu wote wanavyosema. Umeme hupiga, na aliyeguswa nao amepigwa. Hakutaja aliyempiga kwa sababu kichwani mwake aliyepiga alikuwa mmoja tu, amesimama kwenye kona ya sebule, mweupe. Mama Dunia alibaki bombani ameshika mdomo. Maji yake yakafurika yakamlowesha miguu, asijue.

Jumapili baada ya misa wageni wakabisha hodi. Alikuwa Mzee Gervasi, mwenyekiti wa jumuiya yao, na kanzu yake ya Jumapili. Alikuwa Leonardi, tajiri wa mtumbwi, ambaye taa zake Dismasi alizifunga na samaki wake walilala katika lile friza. Na nyuma yao Mama Dunia, macho chini. Nyuso zote tatu zilikuwa za msiba. Leonida aliwapokea, akawaamkia wazee shikamoo, akasema piteni tu na viatu. Wakavua, kama inavyopasa unapokuta sakafu imepigwa deki ikang'aa. Viatu vikapangwa mlangoni. Dismasi, aliyetoka chumbani amevaa shati la misa, akaona aibu kuwa peke yake mwenye kitu mguuni mbele ya wazee. Akazivua ndala zake, akaziweka pamoja na viatu vya wageni. Viti havikutosha, akayavuta yale mabenchi mawili kutoka mbele ya friza akawakalisha.

Leonida aliona ukuta wake unaondoka. Akamshika Elida kwa nguvu mapajani.

Mzee Gervasi akakohoa. "Dismasi, mwana wanje, mwanangu. Mkono wa mwanamume Mungu kaupa nguvu ili ulee. Haukupewa nguvu ili uvunje mfupa ule ule uliotoka ubavuni mwako. Tumesikia. Hatukuja kukuhukumu, tumekuja kukuonya kabla damu haijamwagika."

Dismasi akamtazama mzee, akamtazama Leonardi. "Mzee, sijaelewa. Mkono gani?"

"Usijifiche," akasema Leonardi kwa ukali. "Mke wako kiwiko kile. Na mimi nakuamini na mtumbwi wangu! Mtu anayempiga mama wa mtoto wake, hata betri yangu hatagusa."

"Kumpiga? Mimi?" Dismasi akasimama. Hasira yake, tuseme ukweli, ilikuwa ya haki. "Mama Elida, sema mbele ya wazee. Nimewahi kukupiga?"

"Hujawahi," Leonida akasema.

"Sasa nani anakupiga?"

"Friza."

Leonardi akaangua kicheko, kicheko cha tumbo, mpaka akatoa leso kujifuta macho. Mzee Gervasi akaanza kwa kutabasamu, mabega yakamshinda, naye akacheka. Mama Dunia akajifunika uso kwa ushungi, anacheka kwa aibu, "Nisamehe, Dismasi, nisamehe, nilisikia vibaya." Dismasi ndiye aliyecheka mwisho na kwa sauti kubwa kuliko wote, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

"Tumshukuru Mungu," Mzee Gervasi akasema akipumua. "Kumbe ni umeme tu! Mama Elida, tuletee basi maji ya baridi, tunywe, twende zetu."

Umeme tu.

Leonida aliyasikia maneno hayo mawili yakimshuka kifuani kama maji ya moto. Akasimama, mtoto mkononi. Hakuwahi kupandisha sauti mbele ya Mzee Gervasi tangu aolewe, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Mzee, naomba niulize. Mlipodhani ni ngumi, mmeacha chakula cha mchana mkaja watatu, na Leonardi akasema atamnyang'anya mtu kazi. Mmesikia ni friza, mnacheka. Mimi nauliza, mwili unaopigwa si ni ule ule? Kiwiko hiki si ni kile kile? Au kiwiko cha mwanamke kinauma tu kama kimevunjwa na mwanamume?"

Leonardi akakunja leso.

"Wazee wangu," Dismasi akaingilia, akicheka bado kidogo, "msimjali. Ni woga. Friza hili halipigi. Nalishika kila siku."

"Lishike basi," Leonida akasema. "Wazee wana kiu. Wapatie maji."

"Nashika," Dismasi akasema. "Kwani shida nini?"

Akaanza kwenda. Lakini hakwenda kwenye friza. Miguu yake, yenyewe, bila kumuuliza, ilimpeleka mlangoni kwenye vile viatu. Akainama, akasogeza makubadhi ya Mzee Gervasi, akasogeza viatu vya Leonardi, akazipata ndala zake, akaingiza mguu wa kulia.

"Peku," Leonida akasema.

Dismasi akasimama na mguu mmoja ndani ya ndala.

"Wazee wamevua, na wewe ulivua. Maji yamo mle ndani ya friza. Ndala za nini?"

"Sakafu... sakafu ina baridi."

Sakafu ya Ujiji, kiangazi, jua la saa saba limekaa juu ya mabati! Leonardi alitazama sakafu, akatazama miguu yake mitupu iliyokuwa inatoa jasho juu yake. Hakucheka tena. Mzee Gervasi akaegemea mbele, akasema taratibu.

"Dismasi. Lilikupiga lini?"

Dismasi alikitazama kidole chake cha mguu. Ungedhani kimeandikwa jibu.

"Mwezi wa sita," akasema. "Nilikuwa nimetoka kuoga."

Leonida alikaa chini. Siku zote hizo alidhani mumewe hajui. Asiyejua husamehewa, asiyejua unamwonyesha testa, unamwagilia nondo, unaomba Mungu amfungue macho. Huyu alijua. Alipigwa mara moja, akanyamaza, akavaa ndala, na tangu siku hiyo akawa anaweka kiganja juu ya friza na kumuuliza mkewe mbona mimi halinipigi. Ili watu wa Kibirizi wasisikie kwamba fundi kakosea waya mmoja, alimwacha mama wa mtoto wake arushwe ukutani kila asubuhi na bado aitwe mwoga. Leonida alitafuta tusi la kumfaa akalikosa. Matusi yote aliyoyajua yalikuwa madogo.

"Elida hana ndala," akasema.

Dismasi aliinua uso akamtazama mtoto wake, yule mtoto mwenye mate mikononi na miguu mitupu. Akautoa mguu kwenye ndala. Akatoka barazani peku, penye meni swichi, wakasikia anaivuta chini, tak, na friza likakoroma mara moja likanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza nalo.

Aliporudi alisimama mlangoni, hajui pa kuweka mikono. "Nitatoa ile ethi," akasema, akiwaambia wazee kwa sababu macho ya mkewe yalimshinda. "Kesho... hapana, leo. Nitamwita yule fundi aliyefunga nyumba, avute waya wa kurudi kutoka kwenye meni, kama inavyotakiwa. Nami nitasimama nione anavyofanya. Na wewe Leonardi, samaki wako tuwapeleke kwingine. Nilikosea. Nilidhani ethi ni..."

Wote walikuwa wanamtazama yeye. Hakuna aliyemtazama Elida, ambaye mama yake alipokaa chini alimteleza mapajani, akashuka, na akaiona njia imefunguka. Mabenchi hayakuwepo. Alitambaa kwa haraka ya mtu aliyekatazwa kwa muda mrefu, akafika, akapachika vidole vyake vibichi kwenye mpini wa friza, akajivuta. Magoti yakatetemeka. Akasimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisimama wima, miguu mitupu kwenye sakafu, kiganja kizima juu ya bati jeupe, akageuka kuwatazama watu wakubwa ili wamsifu.

Leonida alimwona. Moyo ukamruka, ukarudi mahali pake. Alikumbuka ile tak.

Lakini Dismasi alipiga yowe. Yowe lililowatoa majirani nje, yowe la mtu anayemwona mwanawe anazama. Akaruka kutoka mlangoni, akateleza, akaanguka kwa magoti, akatambaa hatua zilizobaki, akamnyakua mtoto kutoka kwenye friza akambana kifuani, anatweta, anamkagua vidole kimoja kimoja. Elida, aliyetegemea makofi, akaanza kulia.

"Dismasi," Leonardi akasema polepole. "Umeme si umeuzima sasa hivi? Kwa mkono wako?"

Dismasi alikaa pale sakafuni amemkumbatia mtoto, bado anampuliza vidole.

Leonida akamwendea, akapokea mtoto wake, akamtazama mumewe kutoka juu.

"Kumbe linapiga," akasema.